Dirisha Lililotazama Mto

Lori lilikuwa limeshatoka kwenye lango la kanisa, wasikilizaji wapendwa, na mwanamke mmoja alikuwa bado anatembea pembeni yake. Hakuwa anakimbia. Lori lenyewe lilikuwa limelemewa na saruji, linakwenda mwendo wa mtu aliyevaa viatu vipya. Juu ya mifuko alikaa mumewe, amekumbatia kitu kipana kilichoviringishwa blanketi, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali.

"Unaniondolea macho ya nyumba yangu," yule mwanamke alimwambia.

"Nitakuwekea mengine, Mwenyekiti," mume akajibu kutoka juu.

"Lini? Nikishakuwa kipofu?"

Wanakwaya waliopanda naye nyuma ya lori wakacheka. Mume naye akacheka, lakini alilikaza lile blanketi. Lori likakata kona, likapandisha mlima, na mwanamke akabaki barabarani na vumbi lake.

Ndani ya blanketi mlikuwa na dirisha. Narudia, wasikilizaji wapendwa, maana habari yetu yote ya leo imo humo: mtu huyu alikuwa anakwenda kujitolea, kuwajengea waliobomolewa nyumba na mafuriko, na mzigo aliobeba ulikuwa dirisha la nyumba yake mwenyewe.

Ndiye tunayemkumbuka leo. Alikuwa mwashi. Watu walimwita Timazi, jina la ule uzi wenye kizito mwishoni ambao waashi huuteremsha ukutani kujua kama ukuta umesimama wima. Jina lilimkaa kwa sababu hakuweza kupita mbele ya ukuta uliopinda akanyamaza. Hata akiingia nyumba ya msiba, kwanza alitazama pembe za chumba, ndipo akamtazama mfiwa. Mkewe alimfinya mkono mara nyingi kwa tabia hiyo. Timazi amefariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua kifua.

Mkewe ni dobi. Anafua na kupiga pasi nguo za watu. Timazi alimwita Mwenyekiti, kwa kuwa hakuna kikao cha nyumba ile kilichofungwa kabla yeye hajasema neno. Chumba chake cha kupigia pasi ndicho cha mbele, na kilikuwa giza. Palikuwa na tundu la dirisha, lakini tundu lilizibwa kwa mbao. Kila siku alipiga pasi mlango ukiwa wazi ili apate mwanga, na kuku wakawa wanaingia kukagua kazi. Kulikuwa na shati la mwalimu mkuu ambalo jogoo alilitembelea mgongoni likiwa limeshanyooka. Mganga hajigangi, wahenga walisema. Na mwashi hajijengei.

Lile dirisha lilikuwa la chumba hicho. Fremu ya mbao ngumu, vioo vinne, mabawa mawili yanayofunguka nje. Seremala rafiki yake alimtengenezea kama shukrani, Timazi alipomjengea karakana. Likakaa nyuma ya mlango miaka na miaka, likingoja mwashi apate nafasi. Watoto walizaliwa wakalikuta, wakakua wakaondoka wakaliacha.

Ndipo mto wa mbali ulipovunja kingo zake na kufagia mtaa mzima. Mchungaji akatangaza kanisani kwamba wanatakiwa watu wa kwenda kujenga. Timazi alisimama kabla mchungaji hajamaliza sentensi. Alisema mtu aliyepoteza kila kitu asije akajengewa sanduku lenye mlango. Apate hata kitu kimoja kizuri.

"Aliniuliza kuhusu dirisha wakati limeshafungwa kwenye blanketi," mkewe aliiambia redio hii juzi, tukiwa tumekaa uani kwake. "Sasa huko ni kuniuliza au ni kunitangazia?"

Lakini hakumkatalia. Tuliposema naye alitikisa kichwa, akasema angewezaje kumnyima mtu aliyelala chini ya turubai, na yeye ana paa.

Kule walikokwenda, walilala katika darasa la shule ambayo maji hayakuifikia, madawati yamepangwa ukutani. Mchana walijenga. Walikuwa na wafanyakazi wengi wenye moyo na wachache wenye ujuzi. Mwimbishaji wa kwaya alipewa kazi ya kuchanganya saruji na mchanga, na yule bwana hakuweza kusogeza koleo bila wimbo. Akiimba wimbo wa maombolezo, mchanganyiko unachelewa. Timazi akawa anapaza sauti kutoka juu ya jukwaa la ujenzi: "Mwalimu, tafadhali, wa Pasaka!" Basi unakuja wa Pasaka, na makarai yanapanda.

Nyumba aliyokabidhiwa Timazi ilikuwa ya mshonaji. Mwanamke wa makamo, mwembamba, msemaji wa maneno machache. Mumewe alikufa katika mafuriko yale. Hilo walilijua, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa aliwaeleza siku ya kwanza: huyu kafiwa na watoto, huyu na mama, huyu na mume. Lakini mume alikufaje, hakuna aliyeuliza. Waliona kuuliza ni kumtonesha mtu kidonda. Walikuwa wamekuja kujenga. Wakajenga.

Yule mshonaji aliwasaidia kubeba maji na mchanga. Akiulizwa kama ukuta uko sawa, anasema, "Asante, baba." Akiulizwa kama mlango ni mkubwa mno, anasema, "Asante, baba." Wanakwaya walisema mama huyu ana shukrani sana.

Timazi alichagua mwenyewe pa kuweka dirisha. Alizunguka ndani ya kuta zilizofika kifuani, akatazama huku, akatazama kule. Upande wa barabara kulikuwa na vumbi. Upande wa nyuma kulikuwa na choo cha jirani. Upande wa chini kulikuwa na mto, umeshatulia, umerudi kwenye njia yake, unametameta. Na upepo ulitoka huko. Alijiambia: mshonaji anataka mwanga, anataka hewa, anataka kitu cha kupumzishia macho. Akaliweka dirisha upande wa mto. Akalipima, akalipima tena. Akaikalisha cherehani mpya iliyotolewa na kanisa mbele yake kabisa, mwanga uangukie kwenye sindano.

Siku ya kukabidhi nyumba, mshonaji aliingia, akaliona lile dirisha limefunguliwa mabawa yote mawili. Akakaa chini sakafuni. Akalia.

Watu wakapiga makofi. Mchungaji akashukuru kwa sala. Kwaya ikaimba wa Pasaka. Na Timazi, wasikilizaji wapendwa, alirudi nyumbani akisema hajawahi kujenga ukuta ukamliza mtu kwa furaha. Alisimulia dukani, alisimulia kinyozi, alimsimulia mkewe akiwa anapiga pasi mlango ukiwa wazi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Habari ilirudi na shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lile lori. Yeye aliendelea kupeleka mizigo upande ule. Siku moja alifika nyumbani kwa dada yake, akakaa, akazungumza mengi yasiyo na maana. Timazi akamwambia, shemeji, ukizunguka hivyo ujue una neno.

Shemeji akalitoa. Alipita kwa mshonaji kumsalimu. Dirisha limefungwa. Mbele yake limesimamishwa kabati la nguo, zito, limegusa dari. Ndani ya nyumba ni giza. Mshonaji anashonea nje, nyuma ya nyumba, chini ya upenu, karibu na kile choo cha jirani. Mvua ikinyesha anafunika cherehani na kuacha kazi.

Majirani ndio waliomweleza shemeji. Siku ya mafuriko, mshonaji na mumewe walikuwa wameshatoka, wamefika mahali pa juu. Mume akarudi kuichukua cherehani ya mkewe. Maji yakaja tena. Mke alikuwa amesimama anatazama. Na mahali pale mume alipoingia majini panaonekana vizuri sana kutoka ndani ya nyumba mpya. Panaonekana kupitia dirisha.

Mkewe Timazi anakumbuka alichofanya mumewe. Alitoka uani, akachukua mwiko, akaanza kuukwangua saruji iliyoganda. Ulikuwa umeshasafishwa.

Tangu siku ile, mtu yule alitaka kurudi. Narudia: alitaka kurudi, na haja hiyo haikumtoka. Alimtuma shemeji na salamu: mwambie mama yule aliondoe dirisha, aliuze, aliwashie moto, mimi sina kinyongo. Majibu yakaja: anasema asante, baba, dirisha ni zuri sana. Akatuma tena. Asante, baba. Timazi akatambua kwamba hizo asante ndizo zilezile. Mwanamke yule asingeweza kubomoa zawadi ya kanisa, hata kama zawadi yenyewe inambomoa yeye.

Akamwendea mchungaji. Mchungaji akamwambia wale wameshapata makazi, sasa kuna watu wa kilima kilichoporomoka, huko ndiko kanisa linakokwenda. Timazi akaenda kilimani pia, maana hakuwa mtu wa kususa. Ila huko alianza jambo ambalo wenzake walimchekea mpaka wakalizoea. Kabla ya kuchimba msingi, akishapiga vigingi na kufunga kamba, anachukua kigoda, anakiweka katikati ya kamba, anamkalisha mwenye nyumba. Anamwambia zunguka. Tazama kila upande, taratibu. Kisha sema unataka kutazama wapi, na wapi hutaki.

Mzee mmoja alimuuliza, "Fundi, unanijengea nyumba au unanipiga picha?"

"Kaa, mzee wangu. Kuuliza si ujinga. Nilishawahi kutouliza."

Mwaka uliofuata alipanga kwenda kwa mshonaji, barabara ikakatika. Mwaka mwingine akaanguka kutoka kwenye jukwaa, goti likaharibika, akawa mtu wa fimbo. Watoto wakamshauri aliache lile jambo. Binti yake mkubwa akamwambia maji yakimwagika hayazoleki, baba.

"Lile si maji," Timazi akasema. "Ni dirisha. Dirisha linahamishika."

Jioni alikaa uani akitazama upande lori lilikopandia. Mkewe anasema alikuwa akitengeneza chai anamwekea, na chai inapoa mkononi. Akimuuliza unawaza nini, anasema nawaza linta. Linta ni ile boriti ya juu ya dirisha. Anafikiria atailegezaje bila kupasua ukuta wa watu. Alikuwa ameshalitoa lile dirisha mara nyingi kichwani, ukutani bado limo.

Mwishowe ni Mwenyekiti aliyefunga kikao. Ilikuwa kiangazi kilichopita. Alimwendea kaka yake, akarudi, akamwambia mumewe lori linaondoka kesho, goti litakaa mbele na dereva.

"Na wewe?" Timazi aliuliza.

"Mimi ningekuwa na dirisha ningekaa ndani nikuone ukirudi. Kwa kuwa sina, nitasimama nje. Nenda."

Alifika kwa mshonaji mchana. Yule mama alikuwa amezeeka kidogo, naye alimwona mgeni amezeeka sana. Alimtambua. Akaingia ndani mbio, na Timazi akasikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni. Alikuwa anaondoa kabati, wasikilizaji wapendwa, ili mgeni alikute dirisha lake liko wazi.

Timazi akaingia, akamwambia aliache. Akakaa juu ya kitanda kwa sababu ya goti. Akasema, "Mama, niliweka dirisha pabaya. Nimekuja kulitoa. Wala usiseme asante."

Mshonaji akaliachia kabati. Kisha akasema maneno ambayo Timazi aliyarudia kwa mkewe, na mkewe ameyarudia kwetu.

"Nikiinua kichwa kwenye sindano, baba, namwona anaingia majini. Kila siku anaingia. Hatoki. Na mimi ndiye niliyesema, jamani, cherehani yangu."

 Timazi alinyanyuka, akachomoa mwiko na tindo la kutobolea ukuta kwenye mfuko wake. Shemeji akaenda kutafuta saruji. Kesho yake wakatoboa ukuta wa upande wa barabara, wenye vumbi, wenye watoto wanaopita na wateja wanaoita hodi kutoka mbali. Mshonaji alikaa kwenye kigoda, akachagua mwenyewe dirisha likae juu kiasi gani. Lile dirisha likatoka kwa mto likahamia barabarani, na linta haikupasua kitu.

Likabaki tundu la upande wa mto. Timazi akapanga matofali ya chini, safu juu ya safu. Alipofika usawa wa kifua, mshonaji akasema:

"Baba, usizibe kote."

Timazi akageuka.

"Siku nyingine huwa nalisogeza kabati," akasema. "Kidogo tu. Nachungulia. Niachie pa kuchungulia."

Basi akaacha. Akajenga pande zote, akaacha uwazi unaotosha uso wa mtu mmoja. Akakata ubao, akautia bawaba na kitasa cha mbao upande wa ndani, ili ufunguke na kufungwa kwa mkono wa mwenyewe, siku anayotaka mwenyewe. Shemeji anasema mwashi yule alichelewa zaidi kwenye tundu lile dogo kuliko kwenye dirisha zima. Walipoondoka, mshonaji alikuwa ndani, mbele ya cherehani, anatazama barabara. Alipunga mkono kupitia dirishani. Na safari hii hakusema asante. Alisema, "Mfike salama."

Timazi aliporudi, mkewe alikuwa amesimama nje kweli. Alishuka kwenye lori, akaomba kigoda, akakiweka katikati ya chumba cha kupigia pasi. Akamwambia Mwenyekiti akae. Mkewe akasema umenioa nikiwa msichana, tumezeeka humu, leo ndiyo unaniuliza? Lakini alikaa. Akazunguka. Lile tundu la zamani lilitazama ukuta wa jirani. Akasema hapana, hataki hapo, hakupataka tangu mwanzo. Alitaka kutazama njia ya kutokea kituoni, kwenye mteremko, ambako mtu anaanza kuonekana kofia kwanza, kisha mabega.

"Kwa nini huko?" mumewe aliuliza.

"Ndiko unakotokea."

Timazi alichora mstari ukutani kwa penseli. Akaanza kutoboa. Kifua kikamkamata katikati ya kazi. Alisema ni vumbi, litapita. Halikuwa vumbi. Katika wiki zake za mwisho alilazwa kwenye chumba hichohicho, kwa sababu kilipata hewa kupitia lile tundu jipya ambalo lilikuwa halijakamilika, na mkewe akawa anapiga pasi kando ya kitanda. Walizungumza mengi. Mengine ni yao.

"Nilizoea kumngoja," mkewe alituambia. "Toka ujana. Mwashi kazi yake ni kwa watu. Alipokuwa hawezi kutoka tena, nikamwona kutwa, asubuhi hadi jioni, na bado nilikuwa namngoja. Hata sasa ikifika saa ya watu kutoka kazini nageuza shingo. Shingo haijaambiwa."

Wasikilizaji wapendwa, redio hii inatoa pole kwa mke wa marehemu, kwa watoto wake na wajukuu, kwa shemeji yake, kwa waashi wenzake, na kwa kanisa lililomtuma. Pole hizo zifike pia kwenye nyumba moja yenye cherehani, kando ya mto. Tunaomba kila anayetusikiliza atulie kidogo. Mfikirie mtu uliyemsaidia mara ya mwisho, ukarudi nyumbani umefurahi. Kama hukumuuliza alitaka nini, na kama yupo hai nawe unaweza kutembea, njia bado iko wazi.

Yaliyowapata wengine ni haya. Mchungaji amestaafu, anafuga nyuki. Mwimbishaji wa kwaya amehamia kwa binti yake, na sauti imemwisha, lakini alikuja mazishini. Shemeji ameuza lori. Mtaa ule wa mtoni umejaa watu tena. Mshonaji hakuweza kufika kwenye msiba. Alituma salamu, na anaendelea kushona. Dirisha la dobi limewekwa Jumamosi iliyopita na waashi waliofanya kazi na marehemu, kwa kufuata mstari wake wa penseli. Linatazama njia ya kituoni. Bado halijapakwa rangi.